Unaposubiri karata: hesabu ya poka ya dau dogo baada ya flopu

Kwenye meza za dau dogo hapa Arusha, iwe kasino mjini au sebuleni kwa rafiki kule Njiro, naona makosa ya aina mbili kila mara. Mtu ana kopa mbili mkononi, flopu (karata tatu za kwanza kufunuliwa mezani) inaleta kopa nyingine mbili, naye analipa mpaka mwisho bila hata kutazama poti, yaani pesa zilizokusanyika katikati. Jirani yake, aliyeaminishwa kwamba poka ni kuvumilia, anatupa karata zilezile kwa woga. Wote wawili hawajahesabu.

Nazungumzia Texas Hold'em yenye kikomo, ambayo dau lake limepangwa: tuseme shilingi 1,000 kabla ya flopu na kwenye flopu, kisha 2,000 kwenye karata ya nne na ya tano za mezani.

Umeshaona karata tano, zako mbili na tatu za mezani. Hujaziona 47. Kopa ziko 13 na nne unazijua, kwa hiyo zimebaki tisa za kukupa flashi (karata tano za aina moja, hapa kopa) dhidi ya 38 za kukunyima. Hiyo ni nne na kidogo kwa moja. Sasa angalia poti. Watu watano waliingia kwa 1,000, ikawa 5,000. Kwenye flopu wa kwanza ameweka 1,000, wawili wamefuata, wa nne ametupa, zamu ni yako. Katikati pana 8,000 na wewe unadaiwa 1,000 tu. Nane kwa moja, ilhali unahitaji nne na kidogo tu! Kutupa karata hapo ni kuwaachia wenzako pesa yako.

Mimi naenda mbali zaidi, na hapa wengi hubishana nami. Ukiwa na ree ya kopa, ongeza dau. Watatu wale wakifuata, wewe umechangia robo ya pesa mpya, ilhali hadi karata ya tano flashi hutimia takriban mara 35 katika 100. Kila shilingi inayoingia inakufaa. Tena kwa kuwa wewe ndiye unayezungumza mwisho, mara nyingi wote watapita bila kuweka dau kwenye karata ya nne wakikuhofia, nawe ukikosa unapita pia. Umelipa 1,000 ya ziada, umeokoa 2,000.

Ila usiongeze dau ukitarajia kuwatisha watupe karata. Meza ya dau dogo haitishiki. Mtu mwenye jozi ya karata ndogo kabisa ya mezani atafuata tu aone.

Jambo linalosahaulika zaidi ni usafi wa karata unazozisubiri. Chukua 9 na 8, ambazo si kopa, flopu ikiwa 7, 6 na 2, mbili kati yake kopa. Karata za 10 ziko nne na za 5 nne, na yoyote kati yake inakupa mfululizo (karata tano zinazofuatana), jumla nane. Lakini kumi ya kopa na tano ya kopa zinaweza kumpa mwingine flashi, na watu wakiwa wengi mezani yupo anayeisubiri. Hesabu sita. Umetoka karibu tano kwa moja ukafika karibu saba kwa moja. Flashi ya kopa ndogo, kama 5 na 3, nayo ina hatari yake, maana mwingine anaweza kuwa na kopa kubwa zaidi, na mezani kukiwa na jozi, ujue kuna mtu anaweza kuwa na fuli hausi (tatu zinazofanana na jozi) tayari. Waliokulia vijiweni wakicheza albastini wana faida hapa, maana wamezoea kujiuliza mwenzao ameshika nini.

Mfululizo wenye pengo katikati, kwa mfano 9 na 8 kwenye 6, 5 na 2 ambazo kila moja ni ya aina yake (kopa, uru, shupaza), unasubiri karata nne za 7 pekee: karibu 11 kwa moja. Poti ya 8,000 haitoshi yenyewe, ila saba ikija hakuna mkono wa kuupita wako wakati huo, na wawili wakikulipa 2,000 kila mmoja pengo limezibika. Kwa hiyo kwenye flopu nafuata. Karata ya nne ikikosa, dau limeshakuwa 2,000. Poti ya 13,000 inakupa sita na nusu kwa moja tu, na ukiwa kasino toa kwanza ada inayokatwa. Hapo natupa, hata kama nimeshalipa mara mbili.