Kalvati limetolewa, lakini kijito bado hakijapona

"Injinia, bomba tumeshang'oa. Sasa tuyaache maji yenyewe, yatajua pa kupita."

Maneno haya, kila baada ya kung'oa kalvati, yaani bomba la kupitishia kijito chini ya barabara, nimeyasikia magharibi mwa Kenya: Kakamega, Vihiga, na juzi tena kwenye kijito kinachoteremka kutoka vilima vya Nandi kuelekea tambarare ya Kano. Wanaoyasema si wazembe. Ni wenye mashamba, wanakamati wa vyama vya watumiaji maji, hata wanakandarasi wa barabara waliokula chumvi nyingi kazini. Nimeona niandike, kwa sababu dhana potofu ikishakubaliwa na watu makini hakuna tena anayeuliza swali, na wakati huo shamba la jirani wa upande wa juu linaendelea kuliwa.

Dhana: Ukitoa kalvati, kijito kitajirekebisha chenyewe

Kitajirekebisha, ndiyo. Ila kitatumia udongo wa shamba lako kufanya hivyo, na kitachukua miaka.

Makalvati mengi ya barabara zetu za mashambani ni ya duara, ya milimita 600 au 900. Yamelazwa mahali ambapo kijito kikijaa huwa na upana wa mita mbili au tatu. Maji yakibanwa hivyo, upande wa juu hupunguza mwendo na kutua mzigo wake wote: mchanga, matope, mabua ya mahindi, chupa za plastiki. Upande wa chini hutoka kwa kasi na kuchimba. Zege halina mikwaruzo ya kuyapunguza mwendo. Katika hesabu za mtiririko, ukwaru (jinsi uso unavyokwaza maji) wa zege huwekwa karibu 0.013, na wa kijito chenye mawe na nyasi kati ya 0.035 na 0.05. Kwa mteremko uleule na kina kilekile, maji kwenye zege hukimbia takribani mara tatu au nne zaidi.

Mambo hayo yakiendelea miaka ishirini, sakafu ya kijito hupanda upande wa juu na kushuka upande wa chini, na kalvati hubaki katikati likiwa kizingiti kinachoshikilia tofauti hiyo. Nenda usimame chini ya kalvati lolote la zamani, utazame mdomo wake. Mara nyingi utaukuta unaning'inia, maji yakianguka kwenye dimbwi. Kimo cha maporomoko hayo, pamoja na matope yaliyojazana nyuma ya barabara, ndicho unachokiachilia siku tingatinga linapong'oa bomba.

Kuna wanaonijibu kwa methali kwamba maji hufuata mkondo. Sawa, lakini mkondo wa hapo ulishapindwa na barabara. Maji yanarudi kutafuta mteremko wake wa zamani, na njia yanayoitumia ni kuchimba kuelekea juu.

Dalili yake ni ngazi kwenye sakafu ya kijito, na mkulima yeyote anaweza kuitambua akiinama kuangalia. Ni ukuta mfupi wa udongo, pengine unakufika magotini, unaokatiza kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Juu yake maji ni membamba na yametulia. Chini yake kuna shimo. Maji yakianguka hujirudi nyuma na kula mguu wa ukuta, tabaka laini la chini linatangulia kutoka, tabaka gumu la juu linabaki likiwa limetokeza na mizizi ya nyasi za nepia ikining'inia hewani. Kisha kipande kizima kinaporomoka, na ngazi imesogea hatua moja juu. Mvua inayofuata, hatua nyingine. Haisimami mpaka ikutane na mwamba, mizizi mikubwa ya mti, au kalvati jingine.

Inapopita, kijito kinabaki kwenye mtaro mrefu wenye kingo zilizosimama wima, na kingo za namna hiyo huanguka. Mitaro ya pembeni nayo inafuata kushuka. Maji ya ardhini yaliyokuwa karibu na uso yanavuja kuingia kwenye mtaro, kwa hiyo kinamasi kilichokuwa na mafunjo kinakauka, na chemchemi ya akina mama inahama au kupungua. Anayefikiri natia chumvi aende Katuk Odeyo kule Nyakach aone korongo likishaanza kupanda linafika wapi. Sababu za korongo lile ni nyingi, lakini mwenendo wa kula udongo kuelekea juu ni huuhuu.

Na yale matope ya nyuma ya barabara? Yanateremka yote kwa mkupuo, yanajaza madimbwi, yanafunika mayai ya samaki na wadudu wa majini wanaoliwa na samaki. Mwisho wa safari kwa vijito vya huku ni Ziwa Victoria, na udongo huo hubeba fosforasi inayolisha gugumaji na mwani. Halafu tunalia gugumaji limerudi.

Kwa hiyo kinachotengenezwa ni mteremko. Tundu la barabarani ni sehemu ndogo tu ya kazi, na bado ndilo pekee ninaloonyeshwa kila ninapoitwa.

Kabla tingatinga halijafika, pima. Kamba, pimamaji, vigingi na rula ndefu vinatosha. Anza mita mia moja chini ya barabara, umalizie mita mia moja juu yake, ukisoma kimo cha sakafu kila baada ya hatua chache. Mita kumi kila upande hazikuonyeshi kitu, kwa kuwa bado uko ndani ya eneo lililoharibiwa na kalvati. Vichore vipimo hivyo kwenye karatasi ya miraba: utaona mstari wa juu, mstari wa chini, na ngazi katikati yake. Pima pia upana wa kijito kikijaa hadi ukingoni, sehemu tatu au nne zilizo mbali na barabara. Huo ndio upana wa kujenga.

Tuseme mteremko wa asili ni mita 2 kwa kila mita 100, na ngazi yako ni mita 1. Ukiisambaza ngazi hiyo katika urefu wa mita 50, kipande hicho kitashuka mita 2, yaani mara mbili ya mteremko wa kawaida. Kinabebeka, ukikigawa kwenye vingazi kumi vya mawe vya sentimita 20, kimoja kila mita tano, na kidimbwi katikati ya kila viwili. Mawe makubwa ya kila kingazi yazikwe nusu yake chini ya sakafu, na ya pembeni yaingie ndani ya ukingo, la sivyo maji yatayazunguka na kukuachia ukuta wa mawe ulio pakavu.

Kosa ninalolikuta mara nyingi ni mawe matupu. Lori linamwaga mawe safi, yanapangwa vizuri, watu wanapiga picha, na wakati wa kiangazi maji yanapotea chini ya mawe. Jaza nafasi zote kwa changarawe, mchanga na udongo, umwagilie mchanganyiko huo mpaka ukae, uendelee kujaza mpaka maji yapite juu. Usiwaruhusu mafundi kuondoka kabla hujaona maji yakipita juu. Kwa jambo hili sina mjadala.

Matope ya nyuma ya barabara yachotwe kabla ya kufungua, yamwagwe mbali na kijito. Huku kwetu kipindi kizuri ni Januari na Februari, kabla ya masika ya Machi, maji yakiwa yamepitishwa pembeni kwa bomba la muda na samaki waliobaki madimbwini wamehamishwa kwa ndoo. Baada ya hapo, tembea kijito kizima kila baada ya mvua kubwa kwa misimu miwili. Weka kigingi mahali pamoja na upige picha kutoka hapohapo kila unapokwenda. Ngazi mpya ikiwa na urefu wa kiganja, watu watatu wanaiziba asubuhi moja kwa mawe yaliyobaki. Ikifika kifuani, utahitaji tingatinga tena.

Dhana: Tukinyooshe na kukichimba kina, maji yaende haraka

Kijito chenye kona kikitembea mita 100 kushuka mita 2, ukikinyoosha kikawa mita 70 bado kitashuka mita 2 zilezile. Umeongeza mteremko kwa mkono wako, na ngazi itazaliwa hata kama hapakuwa na kalvati. Maji uliyoyaharakisha nayo yanafika kwa jirani wa chini yote kwa wakati mmoja. Watu wa Ahero na Kano wanajua maana yake: mafuriko. Acha kona, na palipo na nafasi shusha ukingo mmoja ili maji ya mvua kubwa yapande kwenye nyasi yatulie.

Dhana: Dawa ni kuweka kalvati kubwa kidogo

Barabara ikiwa lazima ibaki, omba daraja fupi, au kalvati la sanduku ambalo chini yake limefukiwa kwa mawe na changarawe ya kijito chenyewe. Baadhi ya majimbo ya Marekani yanataka upana wa kivuko uwe angalau mara 1.2 ya upana wa kijito kikijaa, na mimi natumia kipimo hicho hapa. Kijito cha mita 2.5 kinahitaji mita 3. Kutoka 600 kwenda 900 hakutatui kitu. Barabara inayopitwa na mikokoteni na pikipiki tu inaweza kutosheka na drifti, yaani kivuko cha chini ambacho maji hupita juu yake, mradi uso wake ulingane na sakafu ya kijito.

Dhana: Mikaratusi itashika kingo

Hapana. Mwaka 2009 John Michuki, akiwa waziri wa mazingira, aliagiza mikaratusi ing'olewe kando ya mito na kwenye vinamasi, na bado naletewa miche yake kwenye malori. Inakunywa maji mengi, na chini yake nyasi hazishiki vizuri, wakati nyasi ndizo zinazozuia mvua kukwangua ukingo. Panda matete mguuni mwa ukingo na vipandikizi vya mkuyu juu kidogo, na sesbania katikati kwa sababu inakua upesi na kurutubisha udongo. Ukipata mbegu za mzambarau mwitu, zisie zikiwa mbichi; zikikauka zinakufa. Miti iliyoangukia kijitoni iache, isipokuwa inaelekeza maji kwenye nyumba au barabara.

Dhana: Bila gabioni hakuna kazi

Gabioni, yaani makapu ya waya yaliyojazwa mawe, nazikubali pale nyumba au nguzo ya daraja iko karibu na ukingo. Kwingineko ni waya unaooza kwa kutu, na msingi wake usiposhuka chini ya kina cha mchimbiko, maji yanaula kwa chini na kapu zima linaingia mtoni. Pesa hizo zinunulie mawe ya sakafuni.

Dhana: Hicho ni kijito tu, hakina samaki

Samaki aitwaye ningu hupanda kutoka ziwani na mitoni wakati wa mvua kwenda kutaga, na kambare huingia mpaka kwenye nyasi zilizofurika. Wazee wa kando ya mito ya Nzoia na Nyando wanakumbuka ningu akivuliwa kwa wingi. Nyavu za mdomoni mwa mito zimemmaliza, lakini kila bomba linaloning'inia linamfungia kilomita kadhaa za mahali pa kuzalia. Vidagaa vya maji baridi ambavyo havifiki urefu wa kidole navyo haviruki hata sentimita kumi. Ndiyo sababu kila kingazi kiwe na mwanya mahali pamoja wa kupita samaki mdogo, usio na maporomoko.

Dhana: Shamba ni langu mpaka majini, nitafanya nitakavyo

Kanuni za rasilimali za maji za 2007 ziliweka hifadhi ya ukingo kati ya mita 6 na 30 kila upande, kulingana na upana wa mto. Kazi ndani ya mkondo inahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, ulizia na NEMA, mamlaka ya mazingira, na barabara ina mwenyewe, iwe ni KeRRA, mamlaka ya barabara za mashambani, au kaunti. Kibali kinachukua muda, kwa hiyo anayetaka kuchimba Januari asiombe Desemba.

Dhana: Maji yamekuwa kahawia, kazi imeharibika

Mvua ya kwanza lazima ichafue maji. Yakikaa kahawia siku kadhaa baada ya mvua kukatika, panda juu ukatafute ngazi.

Dhana: Ng'ombe hawana madhara, wamekunywa hapo tangu enzi za babu

Enzi za babu ukingo haukuwa umepandwa juzi. Kwato hufungua udongo mbichi kwa siku moja. Zungushia ua wa miba au waya pande zote mbili, uache mlango mmoja wa kunyweshea wenye upana wa mita tatu, sehemu iliyonyooka, uliotandikwa mawe mpaka ndani ya maji. Mzee mwenye ng'ombe ashirikishwe kuchagua mahali pa mlango huo kabla ua haujajengwa, maana yeye ndiye atakayekuwa akiufunga kila jioni.