"Mwacheni aseme yote, atapona": dhana potofu kuhusu walionusurika mashambulizi

Juzi nilimkuta kijana wetu wa kujitolea amepiga magoti mbele ya mama aliyefika usiku uleule na watoto wawili. Amemshika mikono yote miwili, anambembeleza: "Sema tu, mama. Toa yote. Ukikaa nayo moyoni yatakumaliza." Mama yule alikuwa hajajua hata atalala wapi. Macho yake yalikuwa mlangoni muda wote. Kijana hakuwa na nia mbaya, tena ana huruma kuliko wengi niliofanya nao kazi. Nilimwomba anifuate nje nikamweleza jambo ambalo nimekwisha kuwaeleza watu wa kujitolea, wafadhili, waandishi wa habari, viongozi wa dini na jamaa wa manusura wenyewe kwa miaka mingi. Safari hii nimeona niliandike.

Mimi ni mnasihi katika shirika la hisani linalopokea watu waliokimbia mashambulizi, utekaji na uchomaji wa makazi. Ninayoyasema hapa ndiyo ninayoyasahihisha karibu kila siku.

"Aseme yote mapema, atautua mzigo"

Dhana hii inanichosha kuliko zote, kwa sababu inatoka midomoni mwa watu wenye upendo, na kwa hiyo hakuna anayethubutu kuihoji. Inayachukulia maumivu ya moyoni kama jipu: likamue, usaha utoke, kidonda kifunge. Lakini kumbukumbu ya usiku wa shambulio haitoki kwa kukamuliwa. Mtu anayelazimishwa kusimulia mambo ya jana anayaishi upya. Moyo unamwenda mbio, mikono inatetemeka, harufu ya moshi inamrudia. Akishamaliza, aliyemsimulisha anafunga daftari na kuondoka, naye anabaki na usiku mzima mbele yake.

Wazo hili lina historia. Mwaka 1983 Mmarekani Jeffrey Mitchell, aliyewahi kuwa zimamoto, alitunga utaratibu wa vikao vya kikundi vya kusimulia yaliyowakuta kwa waokoaji: zimamoto na wahudumu wa magari ya wagonjwa, watu waliofunzwa na kuzoeana, wanaotoka kwenye ajali na kurudi kituoni kwao. Baadaye vikao hivyo vikahamishiwa kwa watu walioumia wenyewe, mmoja mmoja, mara nyingi kwa kikao kimoja tu ndani ya siku chache za tukio. Viliposhika kasi kila mahali ndipo watafiti walipoanza kuvipima.

Mwaka 1997 Jonathan Bisson na wenzake huko Wales walichapisha matokeo ya watu waliolazwa kwa majeraha ya moto. Baadhi walipata kikao cha kusimulia, wengine hawakupata. Baada ya miezi 13, asilimia 26 ya waliosimulishwa walikuwa na ugonjwa wa msongo unaofuata kiwewe, yaani tukio limepita lakini mtu anaendelea kuliishi na kuliogopa. Kwa wale walioachwa, asilimia 9. Watafiti wenyewe walieleza kwamba kundi la kwanza lilianza likiwa na majeraha mabaya zaidi, kwa hiyo tofauti yote hiyo tusiitwike kikao peke yake. Sawa. Lakini mwaka 2000 ukaja utafiti mwingine wa Uingereza uliowafuatilia kwa miaka mitatu watu waliopata ajali za barabarani. Walioanza na mshtuko mkubwa na kupewa kikao walibaki wagonjwa, na walioanza na mshtuko mkubwa bila kupewa kikao walikuwa wamepata nafuu. Uchambuzi wa mwaka 2002 wa Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaopitia ushahidi wa tiba, uliokusanya majaribio ya aina hii, haukuona kwamba kikao kimoja cha kusimulisha kinazuia ugonjwa. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa mwaka 2011 na Shirika la Afya Duniani na washirika wake umesema waziwazi kwamba huduma hiyo haihusu kumchimba mtu maelezo ya yaliyomkuta.

Hapo ndipo huwa naulizwa: "Mbona nyinyi wanasihi mnawakalisha watu wasimulie?" Swali ni zuri, na jibu lake ndilo kiini cha yote haya. Ipo tiba ya usimulizi, na inafanya kazi. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti wa wakimbizi wa Sudan waliokuwa wakiishi katika makazi ya wakimbizi nchini Uganda, watu ambao tayari walikuwa wagonjwa. Waliopata tiba hiyo walikaa vikao vinne. Mwaka mmoja baadaye asilimia 29 yao walikuwa bado na ugonjwa, ilhali katika makundi mawili yaliyopata msaada wa aina nyingine ni takriban asilimia 80.

Tazama basi namna inavyofanyika. Inatandazwa kamba sakafuni kuwa ndiyo maisha yote ya mtu, tangu kuzaliwa. Anaweka maua mahali pa furaha na mawe mahali pa machungu. Kisha simulizi inaanza mwanzo kabisa, utotoni, na kulifikia jiwe moja kwa wakati wake. Mtaalamu anaandika, kikao kinachofuata anamsomea, mwenyewe anasahihisha. Tukio linapata mahali pake: lilitokea pale, mwaka ule, na baada yake maisha yaliendelea. Wala kikao hakivunjwi mtu akiwa katikati ya hofu, anangojewa mpaka atulie. Kuna aliyefunzwa, kuna ridhaa, kuna mahali salama, na kuna mgonjwa aliyekwisha kupimwa akaonekana anahitaji tiba. Ukilinganisha na mgeni anayemshika mama mikono saa tano usiku, sioni kinachofanana isipokuwa neno "kusimulia".

Basi tufanye nini mtu anapofika? Wenzetu walioandika ule mwongozo wa mwaka 2011 wamefupisha kwa maneno matatu: tazama, sikiliza, unganisha, yaani mkutanishe na msaada na watu wake. Mimi nina yangu ambayo nawafundisha wapya kabla hawajashika hata fomu. Keti ubavuni mwake, usikae mbele yake kama hakimu. Mpe kiti ambacho anauona mlango. Usimguse bila kumwomba. Swali la kwanza lisiwe "kimetokea nini?", liwe "sasa hivi unahitaji nini?" Utashangaa jinsi majibu yalivyo ya kawaida: maji, choo, blanketi, simu yenye chaji, habari za mtoto aliyepotea njiani. Kumpata mtoto huyo, au angalau kuandikisha jina lake kwa wanaotafuta jamaa waliopoteana, kunamtuliza mama kuliko maneno yangu yote ya unasihi.

Akitaka kusema mwenyewe, msikilize. Usimkatize, usimwambie "usilie", usimwambie "mshukuru Mungu umepona". Usiongeze maswali ya "halafu?" na "walikuwa wangapi?" Akinyamaza, nyamaza naye.

Na mashirika tuna la kujibu. Mtu mmoja anaweza kuulizwa kisa kilekile na dawati la usajili, la afya, la ulinzi wa watoto na la vifaa, siku moja, kabla hajala. Hii ni kazi yetu mbovu, na dawa yake ni rahisi: aulizwe mara moja, yale ya lazima tu, na kwa ridhaa yake maelezo yahamishwe na sisi wenyewe. Wafadhili nao wanaoomba "kisa cha kugusa" cha wiki hii kwa ajili ya ripoti, jibu langu ni hapana, na litabaki hapana. Mtu ambaye hajui kesho atakula wapi hawezi kukataa ombi la anayemletea chakula, kwa hiyo "ndiyo" yake haina uzito wa ridhaa.

"Wote hao wameshaharibika akili"

Sivyo. Karibu kila aliyepitia shambulio atahangaika: hatalala, atashtuka mlango ukigongwa, atalia bila kutarajia, atalalamika kichwa na tumbo. Huo ni mwili unaofanya kazi yake baada ya hatari, na kwa wengi hupungua kadiri usalama unavyorudi. Makadirio ya Shirika la Afya Duniani yaliyochapishwa mwaka 2019 yanasema kwamba katika maeneo yaliyopitia vita ndani ya miaka kumi, mtu mmoja kati ya watano hivi ana ugonjwa wa akili kama sonona, wasiwasi au msongo wa kiwewe. Katika kila watu mia, 22 ndio wagonjwa: 13 wana hali nyepesi, 4 ya wastani na 5 kali. Idadi hiyo ni kubwa mno kupuuzwa, hasa hao watano katika mia ambao mara nyingi wanafungiwa ndani na dawa zao zimepotea njiani. Lakini inatuambia pia kwamba wanne kati ya watano si wagonjwa. Wanahitaji usalama, watu wao na kazi ya kufanya. Ukiwaita wote vichaa unawanyima kazi hiyo.

"Mtoto mdogo hajui kitu, atasahau"

Mtoto wa miaka sita aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani akaanza tena, anayemng'ang'ania mama yake hata chooni, anayecheza mchezo uleule wa kujificha na kupigwa risasi kutwa nzima, anakuambia anachokijua. Hana maneno tu. Usimchape kwa kukojoa. Mrudishie ratiba: saa ya kula, saa ya kulala, saa ya kucheza, na shule mapema iwezekanavyo hata kama ni chini ya mti. Na mweleze ukweli mfupi kuhusu aliyefariki. Kumwambia "baba amesafiri" kunamfanya angoje kila gari linaloingia.

"Mpeni dawa ya usingizi apumzike"

Ndugu wanatuomba hili kila mara, na wapo wahudumu wanaokubali. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2013 inashauri tusitumie dawa za kundi la benzodiazepini, kama vile diazepamu, kutibu mshtuko na kukosa usingizi katika mwezi wa kwanza baada ya tukio. Haziondoi kiwewe, na zinazoeleka haraka. Taa ya usiku na kulala karibu na mtu unayemwamini vinasaidia zaidi ya watu wanavyodhani. Aliyekuwa akitumia dawa za akili kabla ya kukimbia ni habari tofauti kabisa: yeye atafutiwe dawa zake leo.

"Chakula kwanza, mambo ya moyo baadaye"

Huwezi kuvitenganisha. Miongozo ya pamoja ya mashirika ya misaada ya mwaka 2007 imechora piramidi ya huduma hizi, na tabaka la chini kabisa, pana kuliko yote, halina mnasihi hata mmoja: ni namna chakula, maji, malazi na ulinzi vinavyotolewa. Foleni ambayo wazee wanasukumwa ni jambo la afya ya akili. Choo kisicho na komeo wala taa, ambacho wasichana wanaogopa kukiendea usiku, ni jambo la afya ya akili. Ukiniuliza fedha kidogo tulizo nazo tuanzie wapi, nitasema komeo.

"Aliyebakwa tumwache mpaka awe tayari kuzungumza"

Hapa dhana ya kwanza imegeuzwa kichwa chini, na madhara yake huhesabiwa kwa saa. Watu wamesikia kwamba tusimlazimishe kusimulia, wakaelewa kwamba tumwache ndani hadi atakapofungua kinywa. Jamani, hapana! Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayotangulia ni bora kuliko inayofuata. Dawa za dharura za kuzuia mimba hutumika ndani ya saa 120. Kuna chanjo ya homa ya ini aina ya B, kuna tiba ya magonjwa ya zinaa, kuna majeraha ya kushonwa. Hili linawahusu wanaume na wavulana pia, ambao kwa aibu hufika wamechelewa zaidi au hawafiki kabisa.

Hakuna hata moja kati ya hizo inayosubiri simulizi. Hahitaji kumtaja mtu, hahitaji kueleza ilivyokuwa, wala hahitaji kuwa ameamua lolote kuhusu mashtaka. Ukimsindikiza, mwambie hivyo njiani, kwa sababu wengi wanarudi kutoka mlangoni wakidhani ndani wanangojewa na maswali. Kinachotakiwa kujulikana kwanza ni saa ngapi zimepita, kama ana maumivu au anatoka damu, kama huenda ana mimba, na kama ana mzio wa dawa. Muuguzi anaweza kuanza na hayo, huku mlango umefungwa na mtu aliyemchagua mwenyewe ameketi kando yake.