Kuku akijificha kuatamia: mvizie mchana, mhamishe usiku

Tetea akikosekana jioni, mitaani kwetu Tanga lawama huanza kwa kicheche na kuishia kwa jirani. Mimi kazi yangu ni mifugo, kwa hiyo swali langu la kwanza huwa jingine: alikuwa anataga? Kama alikuwa anataga na mayai yake hamyaoni bandani, acheni kumsema mtu. Kuku yupo, kalala juu ya mayai yake, na mara nyingi si mbali na nyumba.

Kuku wa kienyeji hutaga yai moja kila siku au siku moja baada ya nyingine, hadi yafike kama 10 au 15. Siku zote hizo anapita kiotani, anataga, anaondoka zake. Yakimtosha, homoni ya prolaktini inapanda mwilini, anaacha kutaga, manyoya ya kifuani yanapungua ili ngozi iguse mayai, na hapo ndipo anatulia siku 21. Kwa kuwa ameyalalia yote kwa wakati mmoja, vifaranga hutoka pamoja, hata kama yai la kwanza lilitangulia la mwisho kwa wiki mbili.

Lakini kwa nini asiatamie bandani? Hapa wafugaji hawanipendi, maana jibu mara nyingi ni banda lenyewe. Viota vichache, viko mwangani, vinaangaliana na mlango, kila tetea anagombea hicho hicho kimoja. Na kuna utitiri. Nenda bandani usiku na tochi, pitisha kidole kwenye ufa wa mti wanaolalia kuku. Ukiona vumbi linatembea, na kidole kikatoka na doa jekundu, hiyo ni damu ya kuku wako. Kuku anayetaka kukaa wiki tatu mahali pamoja hawezi kuchagua hapo. Anatafuta rundo la makuti, kichaka cha mchongoma, au chini ya ngalawa iliyopinduliwa pwani.

Kumsaka kwa kupekua vichaka ni kujichosha. Kuku anayeatamia hajibu akiitwa, na rangi ya kienyeji inapotea kwenye majani makavu ukiwa umesimama hatua mbili tu. Msubiri yeye aje. Kwa kawaida hutoka mara moja kwa siku, dakika 15 hadi 30, kula, kunywa na kuoga vumbi. Utamjua: kajivimbisha, analia ko-ko-ko mfululizo, anadonoa kwa pupa kama kafukuzwa, na kinyesi chake ni bonge kubwa lenye harufu kali kwa sababu kakibana tangu jana. Akimaliza, usimfuate kisigino kwa kisigino. Akikuona atasimama na kujifanya anachakura. Mfuate kwa macho, pale anapokupotea weka alama, na kesho umsubirie palepale.

Bibi mmoja wa Mwambani alinishangaa nilipomwambia hivyo.

"Mwanangu, wewe umesomea kuku kisha waniambia nikae barazani?"

"Ndiyo bibi. Na chai yako mkononi. Ila usimwite."

Alimpata nyuma ya choo cha jirani. Kilichofuata ni mazungumzo marefu kuhusu vifaranga vitakuwa vya nani, na hayo sikuyasomea.

Ukishakiona kiota, usimbebe mchana. Kuku anakumbuka mahali kuliko anavyokumbuka mayai. Ukimhamisha jua linawaka, akipata upenyo tu anarudi kulekule na kulalia udongo mtupu, huku mayai yanapoa kwako. Subiri giza liingie vizuri. Andaa chumba cha pembeni, mbali na kundi, chenye kikapu au boksi lenye mchanga kidogo, majivu na nyasi kavu. Mwanga uwe hafifu. Pitisha mkono chini ya kifua chake taratibu na upapase kwapani kabla hujamnyanyua, kwa sababu yai hunasa kwenye bawa na likidondoka linavunja na mengine. Weka mayai kwanza, mlaze juu, mfunike kwa tenga hadi kesho yake. Siku mbili tatu za mwanzo mtoe wewe mwenyewe kula na kunywa, kisha hakikisha amerudi kwenye kiota kipya. Kile cha zamani kivuruge kabisa.

Usiku huohuo, kabla ya kumhamisha, pima mayai kwa tochi ya simu, kwa kuyaweka kwenye tundu la kadibodi. Yai lenye wiki moja ya kuatamiwa linaonyesha mishipa myembamba iliyosambaa kutoka kwenye doa jeusi. Lililo jeupe pe baada ya wiki hiyo halina kitu. Lenye pete ya damu limekufa, litoe kabla halijawa viza na kupasukia wenzake. Ukikuta yamejaa giza isipokuwa nafasi ya hewa upande mnene, au unasikia mlio ndani, muache hukohuko. Mzungushie miiba na wavu dhidi ya nguchiro na kenge, weka maji karibu, ombea mvua isinyeshe. Msimu wa masika mimi huhamisha hata kwa kuchelewa, kwa kuwa kifaranga aliyelowa siku ya kwanza hana maisha.

Na kama huhitaji vifaranga? Wapo wanaomtumbukiza kuku kwenye ndoo ya maji. Mimi sishauri, ni mateso. Mweke kwenye tenga la fito lililoinuliwa juu ya matofali, bila nyasi, hewa ipite tumboni, chakula na maji vikiwepo. Siku tatu hadi tano kwa kawaida anasahau. Mrudishe kundini usiku, juu ya kichanja, wenzake waamke naye. Ukimwachia mchana baada ya kupotea muda mrefu, watamdonoa kama mgeni.

Kabla ya kumrudisha, mpekue chini ya mabawa na kuzunguka macho uone kama kuna chawa au viroboto, na angalia tarehe ya chanjo ya mdondo (kideri). Ile ya I-2 ni tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu, na aliyekuwa kichakani siku mlipochanja wenzake hakuipata.