Je, wajua kwa nini watu wa Lyon hukatiza ndani ya nyumba?

Mjini Lyon, pale mito ya Rhône na Saône inapokutana kusini mashariki mwa Ufaransa, unaweza kusukuma mlango wa nyumba isiyo yako, ukapita ujia wenye giza, ukavuka ua wenye ngazi ya mawe inayozunguka, kisha ukatokea mtaa wa pili bila mtu kukuuliza unakwenda wapi. Njia hizi huitwa traboule. Mojawapo inaanzia namba 54 mtaa wa Saint-Jean na kuibukia namba 27 mtaa wa Bœuf, baada ya kupenya majengo kadhaa.

Ukiuliza zilijengwa kwa nini, jibu la haraka ni hariri: wafumaji walitaka kusafirisha majora yao bila kulowa mvua. Jibu la pili ni maficho ya wapiganaji wa chini kwa chini, enzi Wajerumani walipoukalia mji katika Vita vya Pili vya Dunia. Njia zilitumika kwa hayo, hilo halina ubishi. Lakini kutumika kwa jambo si sawa na kujengwa kwa ajili yake.

Tazama miaka. Ufumaji wa hariri wa Lyon ulipata kibali cha Mfalme François I mwaka 1536. Wakati huo mitaa ya Vieux Lyon, yaani mji mkongwe, ilikuwa imekwisha kupangwa, na nyumba zake nyingi zilikuwa za karne ya 15 na ya 16. Wafumaji tunaowasikia sana, wale walioitwa canuts, walikuja kujazana kwenye kilima cha Croix-Rousse, ng'ambo ya Saône, katika karne ya 19. Na hiyo mvua nayo: nyua nyingi za traboule hazina paa. Mwenye jora begani angekauka kwenye ujia, akalowa uani, akakauka tena mbele kidogo. Kama huo ulikuwa mpango wa mhandisi, alistahili kufukuzwa kazi.

Sababu yenye mashiko zaidi ni umbo la ardhi. Vieux Lyon imebanwa kati ya mto Saône na kilima cha Fourvière, kwa hiyo mitaa yake inakwenda sambamba na mto, na ya kukatiza ni michache. Fikiria ngazi ya mti iliyolazwa chini. Miti miwili mirefu ndiyo mitaa, na vipandio ndivyo njia za kukatiza. Sasa ng'oa karibu vipandio vyote. Aliye mti mmoja akitaka kufika wa pili hana budi kutembea hadi mwisho, azunguke, arudi. Katikati ya miti hiyo kulikuwa na viwanja vyembamba na virefu, vingine vikitoka mtaa hadi mtaa. Mwenye kiwanja alijenga nyumba mbele, baadaye akaongeza nyingine nyuma, akaacha ua wa kupitisha mwanga na hewa. Ngazi na kisima vilikuwa vya wote. Wa nyuma naye lazima apite, basi ukaachwa ujia chini ya nyumba ya mbele. Ujia ukitoboa pande zote mbili, kipandio kimerudi.

Wapo wanaosema traboule za kwanza ni za karne ya 4. Huenda, ila kuta zinazoonekana leo haziwezi kuthibitisha hilo.

Croix-Rousse ni habari nyingine, na hapo hariri inapata haki yake. Nyumba zake zilijengwa na dari za juu mno ili mtambo wa kufumia wa Jacquard usimame wima, na njia zake zinateremka mlima kwa ngazi kuelekea kwa wafanyabiashara wa bondeni. Ua wa Voraces una ngazi ya mawe ya ghorofa sita iliyo wazi kwa upepo. Wafumaji walipoasi mwaka 1831 na 1834, njia hizi walizijua kuliko askari.

Mji mkongwe ulisalimika kwa shida. Baada ya vita palikuwa na mpango wa kupitisha barabara ya magari katikati yake, hadi mwaka 1964 ulipotangazwa eneo la kwanza la kihistoria kulindwa chini ya sheria ya Malraux, waziri wa utamaduni wa Ufaransa. UNESCO ikafuata mwaka 1998. Kwa baadhi ya traboule, halmashauri huchangia matengenezo, nao wenye nyumba huacha milango ifunguke mchana. Watu wanaishi humo, kwa hiyo usipaze sauti. Ukienda asubuhi, unaweza kuwakuta wenyeji kwenye mâchon, kifungua kinywa cha matumbo, soseji na mvinyo kinachohusishwa na wafumaji waliokuwa kazini tangu alfajiri. Mvinyo huja katika chupa ya sentilita 46 yenye kitako kinene cha kioo, na hakuna anayeharakisha kuimaliza.