Megawati kutosha haimaanishe kuran (umeme) haitaanguka

Hapa Bukavu bantu mingi banasema tukijaza sola mpaka megawati zitoshe, kuran haitaanguka tena, ni kusema haitazimika ghafla kote. Haiko vile! Turbine za santrali (mitambo ya umeme) za maji za mto Ruzizi ni nzito na zinazunguka, ule mzunguko unabeba nguvu, basi santrali moja ikitoka ghafla frekwensi ya 50 Hz (mapigo ya kuran, 50 kwa sekunde) inashuka polepole na otomatiki zinapata sekunde chache za kurudisha usawa, lakini sola inapitia ondilere (kifaa chenye kugeuza kuran ya sola ikuwe ya rezo), hakuna chuma chenye kuzunguka, frekwensi inashuka mbio, otomatiki zinaweza chelewa na kuran ikaanguka. Si kusema sola mbaya, tunaihitaji sana! South Australia (jimbo la Australia) kufikia 2021 baliweka mashine 4 zenye kuzunguka bila kutoa umeme, kazi yake ni kusaidia frekwensi isishuke mbio, na bateri zenye ondilere nzuri zinajibu mbele sekunde moja iishe.