Kuandikwa sinthetiki hakumaanishi oili ni bora

Miaka nenda rudi tunaambiwa ukiona dumu limeandikwa sinthetiki basi hiyo ndo oili ya injini bora kuliko zote, fundi anasema hivyo, muuza spea naye hivyo hivyo, na mtu anatoa hela yake akiwa na amani kabisa. Jamani, hilo neno linahusu tu mafuta ya msingi, yaani yale ambayo oili inatengenezwa nayo kabla ya kuongezwa kemikali, na hata hapo lina utata, maana 1999 kule Marekani kampuni ya oili ya Mobil waliwalalamikia wenzao Castrol kwa kuita sinthetiki oili iliyotokana na mafuta ghafi yaliyosafishwa sana, na chombo kinachopitia ukweli wa matangazo kikawa upande wa Castrol.

Cha kuangalia ni herufi za API, taasisi ya petroli ya Marekani. Geuza dumu. Injini za petroli zinaanza na S, halafu herufi ya pili ikisogea mbele kwenye alfabeti ndo kiwango kipya zaidi: SF ni ya magari ya 1988 kurudi nyuma, SN ilikuja 2010, SP 2020 na hiyo inapimwa mpaka kulika kwa cheni ya taimingi, ile cheni ya ndani ya injini inayoendesha valvu. Juzi dukani nimeshika dumu la lita 4, mbele sinthetiki kwa maandishi ya dhahabu, nyuma kwa herufi ndogooo, SF! Pembeni yake semi-sinthetiki (mchanganyiko wa sinthetiki na oili ya kawaida) ya SP, bei iko chini. Gari la 2012 ningeliwekea hiyo ya pili bila kusita, ilimradi namba ya uzito, mfano 5W-30, ilingane na kitabu cha gari.

Na tafuta kile kiduara cha API chenyewe, ile alama ya duara kwenye dumu, hicho kinatumika kwa leseni yao, na majina ya wenye leseni yapo mtandaoni kwao.