Meno Yaliyojikunja Kama Ukili

Nikitaja kwamba kazi yangu ni visukuku vya papa, yaani mabaki yao ya kale yaliyogeuka jiwe, swali la kwanza huwa la megalodoni, papa mkubwa mno aliyekwisha kutoweka: alikuwa mkubwa kiasi gani? Megalodoni namheshimu, lakini aliyeniteka moyo ni mwingine, wa zamani kuliko yeye kwa mbali sana. Anaitwa Helicoprion. Aliishi katika bahari za kipindi cha Permi, yapata miaka milioni 290 hadi 270 iliyopita, kabla dinosaria hata mmoja hajakanyaga ardhi.

Chukua ukili uliokwisha kusukwa, ukunje uwe bumba la duara. Sasa pachika meno ukingoni, yafuatane mzunguko baada ya mzunguko, madogo kabisa yakiwa katikati na makubwa nje. Hicho ndicho alichotuachia Helicoprion. Mwili wake hatuna: si pezi, si mkia.

Papa wa leo hudondosha meno maisha yake yote. Likichakaa la mbele linang'oka, la nyuma linachukua nafasi, na ndiyo sababu meno ya papa yamejaa tele kwenye miamba. Huyu hakudondosha. Jino jipya lilichomoza nyuma, likayasukuma ya zamani mbele kisha chini, mpaka yakajizungusha na kufunikwa ndani ya taya. Kijino kile cha katikati ni cha utotoni mwake, na mnyama alikufa nacho. Kila nikikishika kisukuku chake, macho yangu huanzia hapo.

Alexander Karpinsky, mwanajiolojia wa Urusi, ndiye aliyempa jina mwaka 1899 kutokana na visukuku vya Milima ya Urali. Jina lenyewe ni la Kigiriki, maana yake msumeno uliojizungusha. Aliuchora mzingo huo ukining'inia puani, umejikunja kwenda juu. Baadaye ukahamishiwa mkiani, hata kwenye pezi la mgongoni. Siwalaumu waliokisia hivyo. Kiunzi cha papa ni gegedu, kitu laini kuliko mfupa kama kile cha sikioni, nayo huoza upesi. Ukibaki na meno peke yake, utajuaje yalikaa wapi?

Jibu lilitoka Idaho, Marekani, mahali ambapo watu huchimba fosfeti ya kutengenezea mbolea. Mwaka 1950 kulipatikana huko mzingo wenye upana wa sentimita 23 na meno 117, na safari hii gegedu ya taya ilikuwa imesalia pamoja nao. Mtaalamu mmoja aliueleza mwaka 1966, lakini sehemu kubwa ilikuwa imezama ndani ya jiwe. Ilibidi kungoja mashine ya CT, ile inayopiga picha za ndani kwa eksirei. Mwaka 2013 mtaalamu wa visukuku Leif Tapanila na wenzake walichapisha picha zilizopenya jiwe bila kulivunja, na taya zote mbili zikaonekana. Mzingo ulikaa katikati ya taya la chini, ukilijaza lote, huku gegedu ikiushikilia kushoto na kulia. Taya la juu halikuwa na meno ya kukutana nao.

Alikulaje basi? Taya la chini lilipofunga, meno yalikwenda juu na kurudi nyuma kwa mpigo mmoja: ya mbele yakinasa, ya kati yakichana, ya nyuma yakisukumia chakula kooni. Meno mengi hayana mikwaruzo wala hayakuvunjika, kwa hiyo naamini windo lake lilikuwa laini, jamii ya ngisi. Kobe wa baharini asingeliwezekana kwa meno ya namna hiyo, na tena hakuwepo bado.

Taya zile zilionyesha jambo jingine pia. Jinsi taya la juu lilivyoungana na fuvu, Helicoprion yuko karibu zaidi na kimaira, wale samaki wa gegedu wenye macho makubwa wanaoishi kwenye vilindi, kuliko papa tunaowaona sokoni. Watoto wakija kuangalia visukuku humwita papa, nami sikatai. Nikiandika ripoti ya kitaalamu, neno hilo siliweki.